Nukta Niliyoivuta Katikati

Kevo na Cynthia, na wenzenu wote mnaokalia sasa viti vyetu pale ghorofa ya tatu: mmeniomba niwaandikie mambo ya kazi, eti yawafae vijana. Nilitaka kukataa. Mstaafu akiombwa nasaha huona raha, akaanza kuhubiri mambo ambayo hata yeye hakuyafanya. Lakini juma lililopita nilikuja kuwasalimu, na nilichokiona kwenye mashine ya Kevo kimenikosesha usingizi. Basi nitaandika, na mtanivumilia hasira.

Mnakumbuka ilivyokuwa. Kevo alikuwa anachora mchemraba wenye chaji ndani yake, wa karatasi ya mtihani wa fizikia. Akaisogeza ile nukta ya chaji kwa kipanya, na kabla hajaiachia, nukta ikaruka yenyewe ikakaa katikati kabisa.

"Shosho, cheki vile inashika yenyewe," akaniambia, maana mnaniita shosho, bibi yenu. "Siku hizi hatusumbuki."

Nikamuuliza, "Mwalimu aliyeleta hiyo kazi, yeye ameiweka wapi?"

"Kando kidogo. Lakini hiyo ni mkono tu ilimteleza. Hapa kati ndio inakaa poa."

Nikajitupa kitini bila kukaribishwa. Cynthia akakimbia kuniletea maji, mkadhani presha imepanda. Haikuwa presha, watoto wangu. Mimi niliwahi kuivuta nukta ya namna hiyo hiyo kwa mkono wangu, bila mashine yoyote, na aliyeumia ni msichana mmoja aitwaye Mumbi. Nitawaeleza alivyoumia, ila kwanza niwape kazi yenyewe, msije mkasema shosho alilialia tu bila kutufundisha kitu.

Wale wageni ofisini hawanijui, basi wanijue. Mimi ni Rukia. Nimezaliwa Mombasa, ndoa ikanileta Nairobi, ndoa ikaisha, kazi ikabaki. Kwa zaidi ya miaka thelathini nimechora michoro ya fizikia, ya vitabu na ya mitihani ya vyuo, katikati ya jiji hapo hapo mlipo, kabla lifti haijaharibika na baada. Shule ya fizikia sikuisoma mbali. Aliyenifundisha ni Mzee Njoroge, Mungu amrehemu, mtu wa Kinoo, mzee wa kanisa, aliyetembea na wembe mfukoni mwa koti. Wembe ulikuwa wa kukwangulia wino. Zamani ukikosea hukubonyeza kitufe, ulikwangua karatasi polepole ukiomba isitoboke.

Siku zangu za mwanzo nilichora chaji mbili na mistari ya nguvu kati yake. Mistari miwili ikakutana njiani, nikaiacha, maana ilipendeza macho. Mzee akaja akainama mezani.

"Rukia, hizi mistari zimekutana."

"Ndiyo, mzee."

"Mistari ya nguvu haikutangi. Ukiona zimekutana, moja ni mwongo. Ni gani?"

Nikasema sijui.

"Basi zote ni mwongo," akasema, akatoa wembe.

Kwenye hesabu ya mistari ndipo alipokuwa shetani kabisa. Ukiipa chaji moja mistari minane, chaji ya mara mbili lazima utoe mistari kumi na sita, hata kama nafasi haitoshi na mkono umekufa ganzi. Nilimuuliza nani atahesabu. Akanijibu, "Kuna mwanafunzi mahali, atahesabu na kidole. Huyo ndio tunamchorea." Nilimcheka moyoni. Niliona huyo mwanafunzi hayupo, ni wa kunitishia tu, kama zimwi la watoto.

Sasa sikilizeni, maana mnachora vitu hivi kila siku na sidhani mnavielewa. Mnasikia walimu wakisema flaksi ya umeme. Kwa sisi wachoraji, flaksi ni hesabu ya mistari inayotoboa uso. Inayotoka unaijumlisha, inayoingia unaitoa. Na kanuni ya Gauss, aliyonieleza Mzee Njoroge akila kiazi kitamu, ni hii: ukiifunika chaji kwa kitu kilichofungwa pande zote, kiwe mpira, kiwe sanduku, kiwe hicho kiazi chake, mistari yote lazima itoke mahali fulani. Jumla haijali kifuniko kina umbo gani wala chaji imejibanza pembe gani humo ndani. Inajali chaji iliyomo ni kiasi gani, basi. Chaji ikiwa nje, kila mstari utakaoingia utatoka upande wa pili, na jumla yake ni sifuri. Niliwahi kuchora mistari ikiingia kwenye mpira mtupu na kuishia humo humo, ikapotea. Mwalimu mmoja alipiga simu akauliza kama ofisi yetu inafuga majini.

Lakini jumla peke yake haikuambii kila uso umepata ngapi. Hapo ndipo ulinganifu unapoingia. Chaji ikikaa katikati kabisa ya mchemraba, hakuna uso wenye sababu ya kupata zaidi ya mwenzake. Unagawa kwa sita, kazi imekwisha bila jasho. Chaji ikisogea kuelekea uso mmoja, jumla ni ile ile, ila uso wa karibu unatobolewa na mistari mingi na ule wa mbali unaambulia kidogo. Hapo kugawa kwa sita ni dhuluma.

Kwa sababu hiyo Mzee alikuwa na masharti mengi. Waya mrefu uchore ukitokea ukingo wa picha hadi ukingo wa pili, usiukate katikati ya karatasi, maana waya ukionekana umekatika, mwanafunzi hana tena haki ya kuuzungushia silinda na kusema mistari yote inatoka ubavuni sawasawa. Ule uso wa kufikirika unaozunguka chaji uchore kwa vistari vilivyokatika-katika, maana haupo, ni wa akilini tu. Mara moja mpiga chapa aliujaza ukawa mstari mzima, darasa zima likaukokotoa kama ganda la chuma. Tulicheka hadi machozi yakatutoka. Siku hizi nikikumbuka sicheki sana, maana najiuliza wale waliokosa alama walicheka na nani.

Na sharti la mwisho la Mzee ndilo lililonifunga. Michoro ya mitihani ilikuwa inaletwa kwa mkono, ndani ya bahasha iliyofungwa kwa lakiri, na kanuni ya ofisi ni kwamba mtihani ukishafanywa, mchoro wa asili wa mwalimu unachanwa. Mzee Njoroge hakuchana. Alikuwa na droo ya chini, upande wa kulia wa meza, anaficha kila mchoro wa asili mpaka matokeo yatoke. Alikuwa akisema, "Usichane karatasi ya mtu kabla matokeo itoke. Siku moja mtu atakuja kuuliza." Alipostaafu aliniachia meza, droo na desturi. Nikaifuata kwa miaka mingi, na hakuna aliyewahi kuja kuuliza.

Basi miaka sita iliyopita ikaja bahasha kutoka chuo kimoja cha Hurlingham. Chuo sikitaji, hakina kosa. Ninyi vijana mlikuwa bado hamjaajiriwa, ila ofisi ilikuwa imeshaingia kwenye kompyuta. Mimi peke yangu ndiye niliyebaki na kalamu ya wino, nachora, wenzangu wanapitisha kwenye skana na kuguna. Ndani ya bahasha mlikuwa na mchemraba wenye chaji. Swali lilikuwa na sehemu mbili: jumla ya flaksi kupitia nyuso zote ni ngapi, na je, ulinganifu unatosha kukupa flaksi ya uso mmoja mmoja? Eleza.

Mwalimu alikuwa ameichora nukta kando, karibu na uso wa kulia. Kulikuwa na kimshale kidogo kama mguu wa mbu, na kando yake kumeandikwa robo, yaani chaji iko robo ya upana kutoka uso huo. Mimi nilikuwa nimechora mchemraba wa chaji labda mara mia katika maisha yangu, na mara zote nukta ilikuwa katikati. Nikaona huyu mwalimu ana mkono mbovu, maskini. Kimshale nikakiona ni mkwaruzo, na neno lile sikulijali. Nikasema moyoni, ngoja nimsaidie. Nikapima ulalo kwa ulalo, nikaiweka nukta pale ilipostahili, katikati barabara, nikaenda kunywa chai. Sikumuuliza mtu. Simu ilikuwa mezani, hatua moja kutoka mkononi mwangu.

Hiyo ndiyo tabia mbaya ya mkono uliozoea, na msidhani ni ya wazee tu. Mkono unapenda vitu vikae sawa. Mashine zenu mmezifundisha tabia hiyo hiyo mkaiita urahisi.

Miezi ikapita. Siku moja meneja akaja na barua ya chuo. Kuna mwanafunzi amekata rufaa, kamati inataka kuuona mchoro wa asili wa lile swali. Aliyetunga swali ameshaondoka nchini, wanamwandikia hajibu, na aliyesahihisha alifuata mwongozo tu. Mwongozo ulisema: hapana, ulinganifu hautoshi, kwa sababu chaji haiko katikati.

"Auntie Rukia," meneja akaniuliza amesimama mlangoni, "original iko?"

Nilijua iko. Na nilipoiwaza tu, nikakiona kile kimshale kana kwamba kinanichoma jicho. Nikasema, "Si mnajua michoro ya asili huchanwa? Ndiyo kanuni."

Akasema sawa, akaenda kuandika jibu. Alipoondoka nikafungua droo. Kimshale kilikuwepo, na robo ilikuwepo, imeandikwa kwa mwandiko mzuri tu wa mtu asiye na mkono mbovu hata kidogo. Nikafunga droo.

Baada ya siku chache akaja Mumbi mwenyewe. Nilisikia hodi, nikasema karibu, akaingia mwanamke wa miaka ishirini na kitu, amevaa sweta ya duka alikokuwa akifanya kazi huko Kangemi. Alikuwa akiuza mchana na kusoma jioni, anataka kuwa fundi wa maabara. Alikuwa ameshika karatasi ya mtihani ndani ya plastiki, kama cheti.

"Mama, ni wewe unachoranga hizi?"

"Ni mimi, mwanangu. Kaa."

Hakukaa. "Sikuja kugombana. Nataka tu kujua kitu moja. Mwenye aliset hii swali, dot aliiweka wapi?"

Nikajifanya sijui kitu. Nikamuuliza kwani imekuwaje.

"Wameninyima marks nne. Wanasema chaji haiko katikati. Na mimi naiona iko katikati, mama. Nimepima." Akaitoa karatasi kwenye plastiki. Alikuwa amechora milalo minne kwa penseli, kona hadi kona ya mchemraba, myembamba kabisa, na yote ilikutana juu ya nukta yangu. Huyo ndiye mwanafunzi wa kuhesabu kwa kidole. Amenijia baada ya miaka thelathini, na Mungu anisamehe, jambo la kwanza nililolihisi ni fahari, kwamba nukta yangu haikukosea hata unywele.

"Kwa kamati waliniambia ulinganifu hauonekani na macho, lazima uandikwe kwa swali," akaendelea. "Nikawaambia lakini mimi nimeuona."

Kisha akanifundisha. Mimi, niliyechora vitu hivyo kabla hajazaliwa. Akasema nifanye kama ile ofisi ni mchemraba na taa imening'inia katikati kabisa. Kuta nne, dari na sakafu, kila kimoja kinapata mwanga sawa, moja ya sita, hakuna cha kubishana. Ukiisogeza taa karibu na ukuta wa dirisha, mwanga wote kwa jumla haujaongezeka wala kupungua, lakini ukuta wa dirisha umependelewa. "So kama dot iko kando, wao ndio right, na mimi nimefail na haki yangu," akasema. "Kama iko kati, mimi ndio right. Hakuna kitu ingine. Nikikosa hizo nne, natoka. Hii ilikuwa mara yangu ya tatu, hakuna ya nne. Nimebakisha marks tatu tu nipite."

Alikuwa ameegemea meza yangu upande wa kulia, mkoba wake umening'inia mbele ya droo ya chini. Nikiinama ningeugusa.

"Sasa niambie tu ukweli, mama. Ulichora vile uliletewa?"

Watoto wangu, hapa ndipo nilipokuwa na uwezo. Katika maisha yangu yote sikuwahi kuwa na uwezo mkubwa kiasi kile juu ya mtu. Nilitakiwa kunyoosha mkono tu.

Nikasema, "Nilichora nilivyoletewa."

"Na karatasi yenyewe?"

"Huchanwa, mwanangu. Ndiyo kanuni."

Aliniamini papo hapo. Laiti angebisha! Laiti angenitukana, labda ningekasirika nikaifungua ile droo kwa ubishi. Alitazama karatasi yake, akatazama dirishani, akasema kwa sauti ndogo, "Basi ni mimi." Akaandika namba yake ya simu kwenye kipande cha karatasi. "Ukikumbuka kitu, hata kidogo, unipigie." Akasema asante, na ngazi zile zote akazishuka bila haraka, nikimsikia hatua kwa hatua.

Kipande kile nikakiweka droo ya chini, pamoja na mchoro.

Mtauliza niliogopa nini. Nilijiambia naogopa kufukuzwa, maana meneja alikuwa ameshanung'unika kwamba mkono wangu unaichelewesha ofisi, na nilibakiza miaka miwili nistaafu. Nilijiambia nalinda jina la ofisi na la Mzee Njoroge, ambaye picha yake ilikuwa ukutani. Mzee Njoroge! Aliyeiweka droo ile kwa ajili ya siku ile ile! Hayo yote ni maneno. Ukweli ni mdogo zaidi: niliona haya. Niliona haya mbele ya mtoto wa watu aliyepima kwa rula, nikaona bora yeye atolewe chuoni kuliko mimi kusema nimekosea.

Nilipostaafu nikaihamisha droo yote kwenye boksi hadi nyumbani Mountain View. Boksi likakaa chini ya kitanda. Waswahili husema njia ya mwongo ni fupi. Yangu haikuwa fupi, ilikuwa na miaka sita, na nilisali juu yake mara tano kwa siku.

Ndipo juma lililopita Kevo akaivuta nukta. Asubuhi ya kesho yake nikatoa boksi, nikachukua mchoro, nikaenda Hurlingham kwenye kile chuo. Kwenye dirisha la usajili nikamkuta kijana mpole, nikamweleza yote tangu mwanzo, watu wamepanga foleni nyuma yangu. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mama, hiyo kozi haiko tena," akasema. "Na file za wenye walitoka zilishaondolewa. Hata tukitaka kumsaidia, hatuna kitu ya kurekebisha."

Nikamuuliza, hata mkijua hakukosea? Akasema pole. Nadhani pole yake ilikuwa ya kweli.

Nikakaa kwenye ukuta nje ya chuo, nikapiga ile namba. Miaka sita nilijipa moyo kwamba hata nikipiga haitapatikana, watu hubadilisha namba. Iliita mara mbili tu; sikujitaja, nikamuuliza tu anafanya kazi wapi, akanielekeza.

Mumbi anafanya kazi hapo hapo Hurlingham, mapokezi ya jengo la nyumba za kupanga, kando ya barabara ya Argwings Kodhek. Kutoka kwenye kiti chake anaona wanafunzi wa chuo wakipita kwenda na kurudi. Hakunitambua. Kabla sijasema neno akanisukumia kitabu cha wageni, kama anavyomfanyia kila mtu: jina, namba ya kitambulisho, saa ya kuingia, sababu ya kuja. Hapo kwenye sababu nilisimama na kalamu hadi akanitazama. Nikaandika: kuleta karatasi.

"Ya nani?" akauliza.

"Yako," nikasema. "Mimi ni Rukia, yule wa michoro."

Nikaiweka juu ya meza. Aliielewa kabla sijafungua mdomo. Akaweka kidole kwenye kimshale.

"Robo," akasema.

"Robo."

"So haikuwa katikati. Na kwa karatasi yetu ilikuwa katikati."

"Mimi ndiye niliyeisogeza. Nilidhani namsaidia mwalimu. Wewe ulikuwa sawa, mwanangu. Ulichokiona ndicho kilichokuwepo."

Akaja mpangaji kuchukua mzigo wake, Mumbi akasimama akacheka naye, akampa, akamwambia siku njema. Alipokaa tena uso wake haukuwa na kicheko chochote.

"Hii karatasi ilikuwa wapi siku ile nilikuja?"

Sikutaka kujibu. Lakini nilikuwa nimekuja kwa ajili ya hilo. "Kwenye droo ya meza. Ile ya chini, upande wa kulia."

Nikamwona anaikumbuka meza. Nikamwona anajikumbuka amesimama wapi.

"Nilikuwa nimeiegemea," akasema.

Nikaanza kulia, mtu mzima mimi, pale mbele ya maua ya plastiki. Yeye hakulia. Akasema, "Unajua mama, mimi kutolewa shule nilizoea. Watu wengi wanatolewa. Lakini walisema hiyo kitu haionekani na macho, na wewe ukasema ulichora vile uliletewa. So nikajua macho yangu ndio mbaya. Tangu hiyo siku nikiona kitu, hata kitu ndogo, hata hapa kazini, lazima niulize mtu mwingine kama ni ukweli. Mtoto wangu akiniletea homework ya hesabu namwambia aulize baba yake, mimi sina hiyo kichwa. Ako na miaka saba na anajua mamake hana kichwa."

Nikamwambia twende wote chuoni, nitasema mbele ya yeyote. Akaniuliza twende tukafanye nini, nami nilijua jibu, nilikuwa nimetoka huko. Nikamwambia basi angalau abaki na mchoro, amwonyeshe mtoto. Akautazama tena kidogo, akaukunja vizuri kwenye mikunjo yake ya zamani, akanirudishia.

"Ungenipea siku ile," akasema. "Sasa sitaki ikae kwangu."

Mliniomba nasaha, nayo ni hii, ndogo na imechelewa: kizimeni kile kitu kinachovuta nukta. Mwalimu akiiweka kando, ibakizeni kando, na mkiona mkono wake umeteleza, inueni simu muulize. Na mkishakosea, maana mtakosea, fungueni droo siku hiyo hiyo. Sina matumaini makubwa kwamba mtanisikia. Mimi nilifundishwa na mtu bora kuliko mimi, nikaambiwa yote, na nikafanya nilivyofanya.

Niliponyanyuka kuondoka, Mumbi akanigeuzia kitabu cha wageni. "Saa ya kutoka," akasema. Nikaandika saa. Akaweka kidole pale nilipoandika kuleta karatasi. "Hapa si ukweli, mama. Umerudi nayo. Andika vile imekuwa."

Nikaishika tena kalamu. Nikaandika kando yake: imerudi. Katika kisa hiki chote, hilo ndilo neno la pekee nililoliandika kama mambo yalivyokuwa.